Leseni ya Pombe: Kizuizi au Kitega Uchumi?

Ukitaka kujua baa ya Nairobi inaendeshwa kwa hisani ya nani, tazama ukuta ulio nyuma ya kaunta, juu kidogo ya droo ya pesa. Utakuta karatasi zimetiwa fremu na kupangwa safu: kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya cha jengo, vyeti vya wapishi na wahudumu, cheti cha zimamoto, ruhusa ya kupiga muziki, na katikati yake leseni ya kuuza vileo. Zile nyingine zikipitwa na wakati, mwenye baa huonywa, hutozwa faini, hupewa siku za kujirekebisha. Ya vileo ikikosekana, kreti, mapipa na majokofu hupakiwa kwenye lori mchana kweupe, na mwenyewe huenda kukalia benchi la kituo cha polisi akisubiri kufikishwa mahakamani.

Tofauti hiyo ina sababu. Biashara nyingi ni halali mpaka zikatazwe. Muuza mandazi hadaiwi maelezo ya kwa nini mtaa unahitaji mandazi. Pombe ni kinyume chake. Kuuza ni kosa, na leseni ni msamaha wa muda anaopewa mtu mmoja, katika nyumba moja, kwa saa fulani, kwa wateja wa namna fulani. Ndiyo maana haihamishwi ovyo baa inapouzwa, na ndiyo maana hufa na kuombwa upya hata kama baa yenyewe imekuwapo tangu enzi za Kenyatta wa kwanza.

Linalonishughulisha ni nani anayelipwa kwa msamaha huo. Katika Afrika Mashariki leseni ya pombe imebebeshwa mizigo miwili tangu mwanzo: ipunguze ulevi, na ilete pesa. Ofisi inayotakiwa kusema "baa zimetosha" ndiyo hiyo hiyo inayohesabu ada za baa mwisho wa mwaka. Karibu kila lalamiko tunalolisikia, kuanzia baa iliyo ubavuni mwa shule hadi askari wanaopita Ijumaa usiku "kusalimia", linarudi hapo.

Urithi wa Pumwani

Mwaka 1908 koloni la Natal, huko Afrika Kusini, lilitunga sheria iliyoziruhusu halmashauri za miji kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Durban ikaichangamkia. Ilifunga vilabu vya watu binafsi, ikajenga vya kwake, na faida ikalipia mabweni, usimamizi na polisi wa vitongoji vya weusi. Mnywaji wa kilabu halali akawa anamlipa askari wa kumsaka mnywaji mwenzake wa kilabu haramu. Mpango huo ulisafiri kaskazini haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Nairobi ilifungua kilabu chake cha manispaa Pumwani, na mapato yakaingia katika mfuko wa kuhudumia Waafrika wa mji. Wanawake waliokuwa wakipika busaa majumbani, na ambao kwa baadhi yao hiyo ilikuwa njia mojawapo ya kupata fedha za kujenga nyumba mjini, wakageuka wahalifu kwa kosa la kushindana na halmashauri.

Vinywaji vikali vya Kizungu vilikuwa na mlango wao mwingine, na mlango huo ulifungwa kwa rangi ya ngozi. Mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yalikubaliana kuzuia pombe kali katika ukanda mpana wa Afrika ya kitropiki, na nchini Kenya Mwafrika alibaki amekatazwa wiski na brandi hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo kizazi kilichopokea uhuru kilikuwa kimeona leseni ikitumika kuamua nani ni mtu mzima kamili na nani si mtu mzima. Sishangai kwamba baada ya 1963 chupa iliyofungwa, yenye lebo, iliyonunuliwa kaunta, ilikuwa na heshima kuliko kibuyu.

Uhuru ulifuta ubaguzi ukaacha mfumo. Kenya iliendelea na Sheria ya Leseni za Pombe, Sura ya 121. Tanganyika na Zanzibar ziliungana lakini kila upande ukabaki na sheria yake ya vileo. Ya Bara ni Na. 28 ya 1968, nayo kwa viraka vya hapa na pale ndiyo inayotumika hadi leo. Uganda ilijaribu ujanja wa kati katika miaka ya 1960: mpishi wa enguli, pombe kali ya kienyeji, alitakiwa apate leseni na auze kiwandani tu, ambako enguli ilisafishwa ikawa Uganda Waragi. Kenya haikutaka ujanja. Mwaka 1980 serikali ya Moi ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji ya huko, moja kwa moja. Tanzania nayo iliiweka gongo upande wa haramu. Pombe ya maskini ikabaki nje ya leseni, bila mkaguzi, bila kipimo, na bila pa kulalamikia.

Gharama yake ilionekana Novemba 2000, pale zaidi ya watu 100 walipokufa Nairobi, wengi wao katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Methanoli ni alkoholi ya viwandani. Mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa jicho kabla ya kumuua mtu mwenyewe, ndiyo sababu manusura wengi hubaki vipofu.

Saa kumi na moja jioni

Sheria iliyokuja kuifuta Sura ya 121 na marufuku ya chang'aa kwa mpigo mmoja ni Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010. Wakenya hawaiiti hivyo. Wanaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeisukuma bungeni. Iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango na kuuzwa kwa leseni, ikakataza pombe ya pakiti, ikaweka onyo la afya kwenye chupa. Mtu wa kawaida anaikumbuka kwa jambo moja tu: saa. Baa ya kawaida inafungua saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku siku za kazi. Mwisho wa wiki na sikukuu inaruhusiwa kuanzia saa nane mchana. Klabu za usiku zina saa zake, jioni hadi alfajiri.

Hoja ya saa ilikuwa rahisi kuieleza kanisani na kwenye mikutano ya chifu. Katika miji midogo ya Mkoa wa Kati, vijana walikuwa wamelewa saa nne asubuhi, mashamba ya majani chai hayana wachumaji, na wanawake waliandamana wakisema hawana waume. Funga baa mchana, mwanamume atarudi shambani. Sitaidharau hoja hiyo. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kupunguza saa za kuuza pombe, hasa zile za usiku wa manane, hupunguza ngumi na ajali. Ila matokeo hayo hutokea pale saa zinapofuatwa.

Hapa zilifuatwa majuma machache. Baadaye baa zikajifunza kuishi na sheria. Mlango wa mbele unafungwa, wa uani unabaki wazi. Bia humiminwa kwenye kikombe cha chai na chupa huwekwa chini ya meza. Mhudumu akikujua anakuuliza "chai ya moto au baridi?" Saa tano usiku taa za nje huzimwa, muziki hupunguzwa, geti huvutwa, na waliomo ndani hubaki. Mlinzi pale nje kazi yake ni kutazama gari la polisi, ambalo kwa kawaida linajulikana litapita saa ngapi kwa sababu lilipita jana saa hiyo hiyo.

Kanuni ya saa ina kasoro hii: kuivunja ni rahisi, kuthibitisha kosa ni rahisi zaidi. Afisa hahitaji maabara wala mizani. Anahitaji saa ya mkononi. Sheria ya namna hiyo humpa mwenye bunduki na njaa chanzo cha kudumu cha mapato. Mwenye baa anayepiga hesabu huona kwamba saa mbili za ziada zinalipa kuliko anachotoa mlangoni, na mambo yanakwenda. Sheria ikiwa kali zaidi, bei ya kuivunja hupanda. Idadi ya wanaoivunja haibadiliki sana.

Nusu kilo na mbili baridi

Kinyume na baa ya mlango wa uani, mkahawa una njia ya halali. Katika sheria ya Kenya, kama ilivyo Tanzania na kwingineko kulikorithi sheria za Kiingereza, leseni ya mkahawa inaruhusu kuuza pombe kwa mtu anayekula, ainywe pamoja na chakula chake. Hoteli yenye vyumba humhudumia mgeni wake aliyelala humo kwa uhuru zaidi. Fikra iliyo nyuma yake ni nzuri: chakula huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, na familia mezani hujizuia kuliko wanaume kumi kaunta.

Sasa angalia meza moja mchana wa Jumatano, nyumba ya nyama choma kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Wanaume wanne wameagiza nusu kilo ya mbuzi. Nyama imeletwa kwenye ubao, imekatwakatwa, chumvi pembeni, kachumbari, ugali sahani moja. Ubao huo utakaa hapo mpaka jioni. Kila baada ya nusu saa mmoja anachota kipande, anatia chumvi na kurudi kwenye maongezi, na chupa zinaendelea kubadilishwa. Je, hawa wanakula na kunywa, au wanakunywa huku nyama ikitoa ushahidi? Kisheria jibu liko kwenye ubao. Kijamii kila mtu analijua.

Wakenya hawakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Jimbo la New York mwaka 1896 lilipitisha Sheria ya Raines: Jumapili pombe iuzwe hotelini tu, pamoja na mlo, na hoteli iwe na vyumba visivyopungua kumi. Vilabu vya pombe vikajenga vyumba kumi vya mbao juu ghorofani, na chini vikaweka mezani sandwichi moja iliyozeeka ambayo ilihamishwa kutoka mteja hadi mteja bila kuliwa. Vile vyumba navyo havikukaa bure; vingi vikawa madanguro. Miaka 124 baadaye, wakati wa korona, jimbo hilo hilo liliamuru tena kwamba pombe iuzwe na chakula, na baa moja ya Saratoga Springs ikaanza kuuza krispi za dola moja zilizopewa jina la gavana.

Kenya ilipata toleo lake mwaka huo huo. Baa zilifungwa Machi 2020. Mikahawa ikaruhusiwa kurudi mapema kwa masharti. Ghafla kila baa iliyokuwa na jiko la mkaa nyuma ikawa mkahawa. Vibao vilipakwa rangi upya, menyu zikachapishwa, soseji na mayai ya kuchemsha yakawa mlo kamili. Mwishoni mwa Julai Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku pombe mikahawani kabisa, na wale waliokuwa wamewekeza kwa uaminifu katika wapishi na meza zilizotenganishwa wakaumia pamoja na wale wa soseji.

Nadhani somo hapa ni la kiufundi zaidi kuliko la kimaadili. Kumpima mteja kama anakula ni kazi isiyowezekana, kwa hiyo sheria ingempima mfanyabiashara: mauzo ya chakula ni kiasi gani ya mauzo yote, kama risiti za kodi zinavyoonyesha. Baadhi ya majimbo ya Marekani hufanya hivyo. Kwa nchi ambayo mamlaka ya kodi tayari inadai kila risiti ipite kwenye mfumo wake, si jambo gumu.

Mita 300, na watu wanaokaa humo

Masharti ya saa ndiyo yanayopigiwa kelele, lakini ukinilazimisha nichague kipengele kimoja cha sheria ya 2010 kibaki na vingine vyote vifutwe, nitachagua kile kinachohusu mahali. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari au taasisi nyingine ya walio chini ya miaka 18. Na kamati ya leseni ijiulize kama eneo hilo, kwa idadi ya watu wake, linahitaji nyumba nyingine ya pombe.

Mahali ni rahisi kupima kama saa, lakini hapabadiliki usiku. Baa iliyo mita 80 kutoka lango la shule iko mita 80 kila siku, na afisa hawezi kuipa "ruhusa ya leo tu". Isitoshe, anayeumia anajulikana: mtoto anayepita, mama anayelala ukuta kwa ukuta na spika. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinataka sauti ya usiku katika makazi isizidi desibeli 35, kiwango kilicho karibu na mnong'ono. Jokofu la baa peke yake hukaribia kuvunja sheria. Ukali huo wa kupita kiasi umewafanya maafisa wasiitumie kabisa mpaka mkubwa mmoja aamke na hasira. Gavana Johnson Sakaja alipoingia ofisini Nairobi mwaka 2022 aliamuru klabu za usiku zitoke katika mitaa ya makazi. Dar es Salaam na Dodoma, mwaka 2023, baraza la mazingira la Tanzania lilifungia baa na kumbi kwa makosa ya kelele. Katika miji yote hii wakazi walikuwa wamelalamika miaka, na baa zilikuwa na leseni halali ukutani.

Zilipataje leseni? Kwa sababu mipango miji ilikuja nyuma ya baa. Mtu amejenga ghorofa tano, chini ameacha vyumba vya biashara. Duka la dawa likishindwa kulipa kodi, linalofuata ni lile la kibao cha "Wines and Spirits", ambalo halihitaji hata viti. Kamati inapokuja kukagua inakuta rafu, choo na kizima moto, inatia tiki.

Wafalme wawili

Sheria ya 2010 ilipitishwa muda mfupi kabla ya Katiba mpya kuanza kufanya kazi, na Katiba ikaipangua. Jedwali la Nne liliweka utoaji wa leseni za pombe miongoni mwa kazi za kaunti. Baada ya 2013 kila kaunti ikaanza kutunga yake. Nairobi na Mombasa zilipata zao mwaka 2014. Hata hivyo polisi na machifu walibaki chini ya serikali kuu, na viwango vya kinywaji chenyewe vikabaki kwa shirika la viwango la taifa.

Matokeo yake ni kwamba anayetoa leseni hana polisi, na aliye na polisi hana leseni. Kaunti inampa mtu karatasi, kamanda anamfungia. Kamanda anafunga, kaunti inasema mapato yetu yanahujumiwa. Kwa gavana ambaye mgao kutoka hazina ya taifa huchelewa miezi, leseni za vileo ni pesa inayokuja kwa wakati, kwa sababu mwenye baa ndiye mlipaji mwoga kuliko wote. Kupunguza baa ni kupunguza bajeti. Pumwani ya 1922 ingeielewa ofisi hiyo bila mkalimani.

Tanzania Bara mvutano huo ni mdogo, maana halmashauri na mkuu wa wilaya wote hutazama juu kwenda mahali pamoja. Leseni ya vileo huko ni ya nusu mwaka: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Siku hizi maombi huingizwa kwenye mfumo wa mtandao uitwao TAUSI, jambo lililompunguzia mwombaji safari na bahasha. Lakini utaratibu wa nusu mwaka unaonyesha wazi kipi kinatangulia: hakuna mtaa unaobadilika kila miezi sita kiasi cha kuhitaji uamuzi mpya, kinachohitajika upya ni malipo. Hatua iliyoleta mabadiliko makubwa ya unywaji nchini humo haikupitia leseni ya baa hata kidogo. Ilikuwa marufuku ya viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, iliyoanza Machi 1, 2017. Kiroba kiliuzwa kibandani kwa bei ya soda na kuingia mfukoni mwa bodaboda na mwanafunzi. Leseni ya baa haikukigusa. Uganda ilifuata njia hiyo mwaka 2019.

Kilichoua hakikuwa saa

Hapo, kwenye kinywaji chenyewe, ndipo mjadala wa leseni hupotea njia. Mei 2014, miaka minne baada ya Sheria ya Mututho, zaidi ya watu 80 walikufa Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko kwa pombe yenye methanoli. Baadhi yake ilikuwa kwenye chupa zenye lebo. Mwaka uliofuata Rais Kenyatta aliamuru msako, na vijana wakavamia maghala Mkoa wa Kati wakimwaga kila walichokikuta. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga; uchunguzi wa awali ukaonyesha kwamba pombe hiyo ilikuwa imekamatwa kama kielelezo na kutoweka ikiwa kituo cha polisi. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, akatoa maagizo 25, miongoni mwake kufunga baa za mitaa ya makazi na kupitia upya leseni.

Kufunga baa za makazi ni jambo jema kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Ila halina uhusiano na methanoli. Methanoli huingia kwa mtengenezaji, kwa dalali wa kemikali, na kwa mnywaji mwenye shilingi 50 mfukoni. Serikali ya Kenya iliwahi kuligusa hilo mahali pake: mwaka 2004 ilisamehe ushuru wa bia ya pipa, Senator, ili mnywaji wa chang'aa apate kitu salama anachokimudu. Ilifanikiwa mno, mpaka hazina ikatamani ushuru wake. Mwaka 2013 msamaha ukapunguzwa nusu, mauzo ya pipa yakaporomoka, na mwaka uliofuata vikaja vifo vya Mei. Sisemi moja lilizaa jingine. Nasema msamaha ulirudishwa kwa kiasi kikubwa muda si mrefu baadaye, na waliourudisha walikuwa wanajua kuhesabu.

Unguja, Januari 2024

Zanzibar inatuonyesha upande wa pili wa leseni: inapopewa wachache. Kisiwani, ambako karibu wote ni Waislamu na sehemu kubwa sana ya fedha za kigeni huletwa na watalii, serikali imechagua kubana mlango wa kuingizia badala ya kaunta. Waagizaji wenye leseni huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hoteli zote hununua kwao. Mwanzoni mwa 2024 bodi ya vileo iliacha kuwahuishia leseni wale watatu waliozoeleka na kuleta wengine. Wapya hawakuwa na mzigo wa kutosha. Katikati ya msimu wa wageni, majokofu ya hoteli za Nungwi na Paje yakawa matupu, bei ya bia ikaruka, na Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu mwishoni mwa Januari akisema mazingira ya kazi si rafiki.

Leseni zikiwa chache, thamani yake inahama kutoka kwenye biashara kwenda kwenye karatasi. New Jersey, ambako sheria ya tangu 1947 inaruhusu leseni moja ya baa au mkahawa kwa kila wakazi 3,000 wa mji, karatasi hiyo huuzwa mkono kwa mkono kwa mamia ya maelfu ya dola, na mpishi hodari asiye na mtaji hufungua mkahawa usio na glasi ya waini. Yeyote anayependekeza kikomo cha idadi kwa kaunti zetu, na hoja hiyo huibuka kila baada ya mkasa, aeleze kwanza leseni itakwenda kwa nani: kwa bahati nasibu, kwa mnada, au kwa shemeji.

Pendekezo la karibuni linatisha zaidi. Julai 2025 Kenya ilizindua sera ya kitaifa inayotaka umri wa kununua pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21, na pombe iondolewe katika supamaketi, mikahawa na mauzo ya mtandaoni. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilifafanua baadaye kwamba ni sera, haijawa sheria. La umri linajadilika. Kuiondoa mikahawani, kwangu, ni kuondoa mahali pekee ambapo mtu hunywa akiwa ameketi na watoto wake, akiwa na chakula tumboni, na taa zinawaka. Atakayebaki na leseni ni baa yenye geti.

Yapo mageuzi madogo yasiyohitaji bunge zima. Ada za leseni zikusanywe na kaunti lakini zisitumike na idara inayoidhinisha. Saa ziwe chache na zinazotekelezeka, kali usiku wa manane na legevu mchana. Na kile kipengele kilichosahaulika cha sheria ya 2010 kiamshwe: kamati hutakiwa kubandika hadharani orodha ya waombaji, aina ya leseni, jengo lenyewe, na siku ya kikao, kwa muda usiopungua siku 21. Mtu yeyote anaruhusiwa kupinga, kwa maandishi, nakala moja ikienda kwa mwombaji.

Orodha hiyo hubandikwa kweli, kwenye mbao za matangazo za ofisi ambazo mkazi huingia akitafuta kitambulisho. Pingamizi zinazofika nyingi husema pombe ni dhambi, na kamati huziweka kando kwa sababu sheria haikuiuliza hilo. Inayosikilizwa hupima: kutoka lango la shule hadi mlango wa baa ni mita ngapi, baa ngapi ziko tayari kwenye barabara hiyo, nani analala ghorofa ya juu, choo kinamwaga wapi. Mkazi asipoyauliza hayo, atakayeyajibu mbele ya kamati ni mwombaji peke yake.